Pampu Moja, Boti Tatu

Mwalimu wenu amenipigia simu mara tatu akitaka niwaandikie nyinyi mnaoingia karakana ya boti mwezi ujao. "Andika kitu cha kuwatia moyo, Mama," akasema. Nikamjibu kwamba moyo mnao, tena umezidi. Kinachowapungukia ni masikio. Kwa hivyo nisikilizeni. Na wewe unayesoma huku umeshika simu kwa mkono wa pili, iweke chini. Nimelea watoto wanne na mafundi nisiowahesabu, nawajua mlivyo.

Jina langu ni Peres, lakini huko gatini hamtapata mtu anayelijua. Naitwa Mama Nozeli. Maisha yangu yote ya kazi yalikuwa pampu za dizeli na nozeli zake, zile zinazopulizia mafuta ndani ya injini. Nilianzia kwenye trekta za miwa kule Muhoroni, nikamalizia kwenye boti za doria za serikali hapa Kisumu. Nimestaafu nikiwa na vidole vyangu vyote kumi. Nataja vidole kwa sababu kuna mtu ambaye mkono wake wa kulia hauwezi kufunga kifungo cha shati, na aliyeuharibu ni mimi. Siku hiyo nilikuwa mbali naye, nimeketi gatini na kikombe cha chai. Hayo ndiyo nitakayowaeleza. Mengine nitachomeka njiani ili msisinzie.

Tuanze Muhoroni. Siku zile msichana akiingia gereji, wanaume walidhani ameleta chakula. Fundi mkuu wa trekta, Mzee Hezron, alinitazama toka kichwani hadi viatuni akaniuliza, "Nyathina, umetumwa na nani?" Nyathina ni "mwanangu" kwa Kijaluo, na yeye alilitamka kama mtu anayekuonyesha mlango. Nikamwambia nimejituma. Akacheka, akanipa ndoo ya nozeli chafu na mswaki. Nilipiga nozeli mswaki wiki mbili mpaka mama yangu akauliza kama nimeajiriwa na daktari wa meno.

Wiki ya tatu akanifundisha kusikiliza. Nozeli nzima ikijaribiwa mezani hulia kwa sauti kavu, krrr, kama kitambaa kipya kinachopasuliwa. Iliyochoka hutema tu kama mtoto aliyekataa dawa. Mzee Hezron alikuwa akigeuka, anaangalia dirishani, ananiambia, "Ya ngapi mbovu?" Nikikosea, narudi kwenye ndoo. Nyinyi mtapewa mashine zenye kioo cha kuonyesha kila kitu kwa rangi. Zitumieni, sizikatai. Lakini kioo kikizima mtataka masikio, na masikio hayauzwi sokoni Otonglo.

Sasa kuna jambo la utepe, na hili mlishike. Siku moja mwanzo wa msimu wa miwa, bomba la mafuta la trekta moja lilikuwa linavuja kwenye nati. Dereva anapiga kelele, trela imejaa, msimamizi anapiga kelele zaidi. Nikachukua ule utepe mweupe wa mafundi wa mabomba ya maji, nikazungushia nyuzi za nati, nikakaza. Uvujaji ukaisha. Nilijiona bingwa! Trekta ikaondoka, na kabla ya saa sita ikafa katikati ya barabara, malori ya miwa yamepangana nyuma yake yakipiga honi.

Mzee Hezron alifungua pampu mwenyewe. Akachomoa kwa kibano kiuzi cheupe, kidogo kuliko ukucha wa mtoto, akaniwekea kiganjani.

"Hii ni nini?"

"Utepe, Mzee."

"Utepe kazi yake nini?"

"Mabomba ya maji."

"Haya, nenda ukatengeneze choo."

Utepe ule ukikatika ndani, vipande husafiri na mafuta mpaka vinaziba njia, na injini inanyamaza. Nati ikiharibika nyuzi, dawa yake ni nati mpya. Niliapa sitarudia tena, na nilikaa na kiapo hicho miaka mingi sana.

Sasa gatini. Mtakapofika mtaona karakana ni ya kampuni na boti ni za serikali. Wanajeshi wa kikosi cha doria ndio wanaozipanda, sisi wa kampuni tunazitengeneza, wizara huko Nairobi inaidhinisha vipuri, na kila baada ya miezi kadhaa mkaguzi wa wizara anakuja kuona kama boti ziko tayari kwa kazi. Kampuni hulipwa kwa kila boti iliyo tayari. Kamanda husifiwa kwa kila boti iliyo tayari. Wizara nayo hupeleka juu karatasi inayosema ziko tayari. Ukiangalia upesi utasema mpango ni mzuri, hakuna hata mmoja anayefaidika na boti mbovu. Ni kweli. Lakini pia hakuna hata mmoja anayefaidika na kuambiwa kwamba boti ni mbovu. Mimi ilinichukua miaka kuliona hilo, na nililiona kwa kuchelewa.

Tulikuwa na boti tatu, zinazofanana kama mapacha, injini za aina moja. Tuliziita Ya Kwanza, Ya Pili na Ya Tatu, kwa sababu majina yake rasmi yalikuwa marefu na hakuna aliyekuwa na subira. Pampu ya Ya Tatu ndiyo iliyoanza kufa, mafuta machafu yameila ndani. Kabla hatujakauka machozi, ya Ya Pili ikafuata. Meneja wetu, Bwana Omollo, akaandika ombi la pampu mbili kwenda Nairobi. Ombi likalala huko. Na mkaguzi akafika kabla ya jibu.

Asubuhi ile Omollo aliniita pembeni. Hakuwa mtu mbaya, nawaambia mapema. Alikuwa na karakana nzima ya watu wanaomtegemea, na kandarasi ikienda, wote wanaenda.

"Mama Nozeli, pampu moja unaweza kuitoa boti hii ukaiweka ile kwa muda gani?"

"Ya nini?"

"Wewe nijibu tu."

"Saa moja. Nikiwa na haraka, pungufu kidogo."

Akatabasamu. "Mkaguzi anaanza na Ya Kwanza. Akimaliza tunampa chai. Halafu Ya Pili. Halafu tunampa samaki."

Mngetegemea niseme nilikataa, au angalau moyo ulinidunda. Haukudunda. Nilifurahi! Mwanamke aliyewahi kupewa mswaki sasa anaambiwa kwamba kikosi kizima kinategemea wepesi wa mikono yake. Nilichukua chuma chenye ncha nikachora alama kwenye injini zote tatu, mstari mwembamba mahali pampu inapokaa, ili nikiipachika nioanishe mstari na mstari bila kupoteza muda kuipima upya. Kazi safi kabisa. Mzee Hezron angeisifu alama ile, kama hangeuliza ni ya nini.

Tena tulikuwa na mpishi, mwanamke mcheshi wa Manyatta, naye akapewa sehemu yake. Kazi yake ilikuwa kumwongezea mkaguzi mchuzi mpaka anione natoa kichwa nje ya boti na kupangusa uso kwa kitambaa chekundu. Kitambaa kikionekana, mchuzi unaisha. Mkaguzi alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye miwani, na siku ile alikula samaki wawili wazima, ngege wa ziwani, na akakaribishwa wa tatu. Kila boti aliyopanda iliwaka mara ya kwanza. Akaandika: boti tatu, zilizo tayari tatu.

Wiki chache baadaye jibu la lile ombi likaja. Omollo alilisoma kwa sauti karakana nzima ikisikia. Kwa kuwa ripoti ya ukaguzi inaonyesha boti zote ziko tayari, wizara haioni haja ya pampu mpya kwa sasa. Yawa! Omollo alicheka mpaka akakohoa. Mafundi walicheka. Mimi pia nilicheka, nisiwafiche. Tulikuwa tumejinyima pampu kwa mikono yetu wenyewe, na tukaona ni kichekesho.

Basi ukaguzi uliofuata tukafanya vilevile. Na ule mwingine. Pampu ile ikawa inatembea kuliko wachuuzi.

Hapa nipumzike niwape mambo mawili ya kazi, mwalimu wenu asije akasema nimewapigia hadithi tu. Asubuhi kabla ya kuwasha injini, fungua kichujio cha maji ya ziwa uingize mkono. Gugumaji huingia humo na kulala, na injini isiyopata maji ya kuipoza itapika vichwa vyake. Ukiona moshi mweusi, mafuta yamezidi au hewa haitoshi. Moshi wa samawati, oili inaungua. Moshi mweupe usioisha, omba Mungu kwanza ndipo uchukue spana. Na usifanye kazi ukiwa na pete. Nimeona kidole kikibaki kwenye pete na pete ikibaki kwenye feni. Haya, tuendelee.

Nahodha wa Ya Kwanza aliitwa Koplo Ramadhan. Mzaliwa wa Kaloleni hapa hapa mjini, babu yake alikuja na reli akakataa kurudi. Kila Ijumaa akitoka kuswali aliniletea njugu za kukaanga kwenye karatasi, akisema fundi mwenye njaa ni hatari kwa taifa. Alikuwa na mkono wa kulia wa ajabu. Angeweza kufunga lile fundo kubwa la kamba ya boti kwa mkono huo mmoja, huku wa kushoto umeshika kikombe na chai haimwagiki. Wanajeshi wageni walipofika tulimwita awaonyeshe, naye alijifanya hataki, kisha anafunga mara mbili.

Mambo ya pampu Ramadhan hakuyajua. Alikuwa Mombasa kwa mafunzo kipindi kirefu, akarudi wiki ile ya ukaguzi, siku moja baada ya mkaguzi kuondoka. Pampu ilikuwa imebaki kwenye Ya Tatu, iliyokaguliwa mwisho. Asubuhi hiyo nikairudisha Ya Kwanza. Nilipokaza nati ya bomba la mafuta, ikazunguka bure. Nyuzi zilikuwa zimelika. Nati haikutengenezwa ifunguliwe na kufungwa kila msimu wa ukaguzi, na mimi nilikuwa nimeifungua na kuifunga mpaka nikaimaliza. Mafuta yakawa yanachuruzika. Nati mpya sina. Kuiagiza ni kuandika ombi, na ombi la boti ambayo karatasi inasema ni nzima utalianzaje?

Mkono wangu ukaenda kwenye boksi ukatoka na utepe mweupe. Mzee Hezron alikuwa ameshafariki, lakini nilimsikia wazi. Nikamwambia kimoyomoyo, Mzee, ni ya leo tu. Nikazungushia, nikakaza. Uvujaji ukaisha.

Mchana simu ikaja kutoka kwa wavuvi. Watu wenye bunduki walikuwa wamewavamia majini, mbele ya kisiwa cha Ndere, wanawanyang'anya injini na nyavu. Ramadhan akaja mbio na wenzake watatu, koti la kuokoa maisha halijafungwa. Aliponipita akasimama. Kamanda alikuwa hapo, Omollo alikuwa hapo.

"Mama Nozeli, nyuma yangu nina ngapi?"

"Mbili," nikasema.

"Zote tayari?"

Nilimtazama Kamanda. Kamanda alitazama maji.

"Zote," nikasema.

"Asante, Mama." Akaruka botini.

Nami nikaketi nikamimina chai. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Niliketi nikamimina chai.

Redio ya gatini ina kipaza sauti ukutani, kila mtu anasikia. Mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya kawaida. "Gati, hapa Ya Kwanza. Injini imezima. Upepo umeanza, unatusukuma kwenye miamba. Leteni Ya Pili." Hakuna aliyejibu. Opereta alimgeukia Kamanda, Kamanda akanigeukia mimi, mimi nikatazama kikombe. Ramadhan akangoja, kisha akaita tena, safari hii kwa haraka. "Gati, leteni Ya Pili." Halafu akasema maneno ambayo hata leo nikiosha vyombo huwa nayasikia. "Basi leteni Ya Tatu."

Kamanda alitoka mbio kwenda kwa wavuvi wa ufuo wa jirani kuomba mtumbwi wenye injini. Wavuvi, jamani! Wale wale tuliowekwa pale tuwalinde ndio waliokwenda kuwachukua walinzi wao. Walikwenda bila kusita, Mungu awabariki, lakini Ndere si hapo. Walipofika, boti ilikuwa inagongwa kwenye jiwe. Mwanajeshi mmoja aliteleza akaanguka kati ya boti na mwamba, Ramadhan akamvuta kwa mkono wa kushoto, akaweka wa kulia kuizuia boti isimbane. Wimbi likaileta boti. Yule mwanajeshi akatoka mzima. Mkono ukabaki pale katikati.

Wezi waliondoka na injini zote za wavuvi.

Nilikwenda hospitali siku ya tatu, kwa sababu siku ya kwanza na ya pili nilifika langoni nikageuka. Alikuwa ameketi kitandani, mkono umefungwa bandeji mpaka kiwikoni. Nilikuwa nimebeba njugu. Sijui nilifikiri nini, njugu! Nilianza kulia kabla sijakaa. Nikamwambia yote, alama za mistari, kitambaa chekundu, nati, utepe. Hasa utepe nilimweleza kirefu, kwa sababu mimi ni fundi na nilidhani hapo ndipo kosa lilipo.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mambo ya utepe mimi sijui, Mama," akasema. "Injini hufa, kila mtu anajua. Mimi nilikuuliza swali."

"Uliniuliza."

"Ungesema nyuma yangu hakuna kitu, ningekwenda tu. Ndiyo kazi yangu. Lakini ningepita karibu na ufuo, ningewaambia wavuvi wanifuate kwa umbali, ningeweka nanga tayari. Sikuhitaji boti tatu, Mama. Nilihitaji kujua ninazo ngapi."

Akageukia ukuta. Nikaacha njugu mezani nikatoka. Nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani Manyatta, waendesha boda wote wakiniita.

Mnafikiri baada ya hapo mambo yalibadilika? Ya Kwanza ilivutwa hadi gatini, tukaiziba na kuisafisha pampu, ikawaka tena. Ripoti ya ajali ilisema injini ilizimwa na gugumaji. Maskini gugumaji, limesingiziwa mengi ziwa hili. Na ukaguzi uliofuata ulipokaribia, Omollo alinijia na uso wa aibu, lakini alikuja.

"Mama Nozeli, kile kitambaa unacho bado?"

Nikamwambia ninacho. Sikumdanganya, nilikuwa nacho. Lakini asubuhi ya ukaguzi niliwatangulia wote kufika. Nikachukua tupa, nikaingia Ya Kwanza, nikasugua ile alama mpaka chuma kikang'aa. Nikaenda Ya Pili. Nikaenda Ya Tatu. Bila alama, kuhamisha pampu na kuipima upya ni kazi ya nusu siku, na hakuna samaki wa kuliwa nusu siku. Omollo alinikuta napuliza unga wa chuma.

"Umefanya nini?"

"Nimesafisha."

Alipiga goti akapapasa mahali mstari ulipokuwa. "Peres," akasema. Hakuwahi kuniita hivyo. "Unatufukuzisha kazi. Hawa watu wote wana watoto."

"Na Ramadhan ana watoto. Sihamishi, Omollo. Ukitaka, ihamishe wewe."

"Mimi siwezi!"

"Najua."

Niliogopa, msidhani nilikuwa simba. Lakini mkaguzi aliposhuka garini nilikuwa mbele yake, kabla mpishi hajamfikia. Nikamsalimu, nikamwambia, "Bwana, chai ipo na samaki yupo. Lakini leo naomba uziwashe zote tatu kwa pamoja. Wakati mmoja."

Mkaguzi alivua miwani, akaipangusa, akaniomba tutembee naye mpaka mwisho wa gati.

"Mama," akasema polepole, "ile pampu ina doa la rangi ya kijani ubavuni. Nimekuwa nikiliona mara tatu kwa siku moja, kila nikija."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukaandika tatu?"

"Nilikula samaki, nikaandika tatu. Nikiandika moja, wakubwa wangu wanaulizwa na wakubwa wao, halafu wote wananigeukia mimi." Akavaa miwani. "Hakuna mtu wa hapa aliyewahi kuniambia kwa mdomo wake."

"Sasa nakuambia. Inayowaka ni moja."

"Nikiandika, itabidi niandike na aliyesema."

"Andika. Na usiandike Mama Nozeli. Andika Peres." Nikamtajia majina yangu yote matatu, herufi kwa herufi, mpaka alipomaliza. Akaandika: boti tatu, iliyo tayari moja.

Nisiwapake mafuta, kilichofuata kilikuwa kichungu. Kamanda aliacha kuitikia salamu yangu. Kampuni ikanihamishia stoo nikapange boliti, na wenzangu niliokula nao miaka yote wakawa wanapita mlangoni kama stoo ina ugonjwa. Mpishi pekee ndiye aliyeniletea chakula, akinung'unika kwamba nimemharibia kipaji chake cha mchuzi. Lakini kikosi, kwa kuwa sasa kilijua kina boti moja, kikaanza kufanya kazi ya boti moja. Walipanga na wavuvi watoke kwa makundi, wakawapa namna ya kuita mapema, na doria haikwenda peke yake mahali isipoonekana. Siku zile tulikuwa salama zaidi na boti moja ya kweli kuliko tulivyokuwa na tatu za karatasi.

Kisha barua ikaja. Kwa kuwa ripoti ya ukaguzi inaonyesha boti mbili haziko tayari, wizara imeidhinisha pampu mbili na vifaa vyake. Omollo aliileta stoo mwenyewe. Safari hii hakucheka. "Toka humo, Mama," akasema. "Kuna kazi." Kwenye lile boksi kulikuwa na nati mpya pia, na niliishika nikaibusu, kila mtu anaona, sikujali.

Siku tulipoziwasha zote tatu pamoja, Ramadhan alikuja gatini. Mkono umepona lakini vidole havikunjiki, ameutia mfukoni. Injini tatu zilinguruma kwa pamoja mpaka glasi za ofisini zikalia, na mafundi wakashangilia. Yeye hakushangilia. Alinisogelea sikioni.

"Ziko ngapi?"

"Si unaziona? Zinawaka mbele yako!"

"Nimekuuliza wewe."

Nikazima kelele yangu. Nilikwenda nikapanda moja moja, nikashika bomba, nikasikiliza nozeli, nikarudi. "Tatu, Ramadhan."

"Asante, Mama."

Kwa mkono ule hangeweza tena kuwa nahodha, hivyo wakampa redio. Yeye ndiye sasa anayekaa kwenye kile kipaza sauti, anayejibu boti ikiita. Na tangu wakati huo hadi nastaafu, kila asubuhi kabla ya doria kutoka alipiga simu karakana na kuniuliza neno lilelile: ziko ngapi. Siku nyingine nilisema tatu. Mara nyingi nilisema mbili. Siku moja, wageni wakubwa kutoka Nairobi wamejaa gatini na kamera zao, Omollo ananipungia mikono nyuma yao, nilisema kwa sauti, "Leo hakuna." Wageni wakageuka wote. Ramadhan akasema sawa Mama, akawaita wavuvi kuwaambia wasiende mbali. Siku ikapita, watu wote wakalala kwao.

Mtasikia wakiwaambia huko kwamba mbaya ni serikali, au mbaya ni kampuni. Mimi nimekula na wote, nimewaona wote wakiogopa. Wote walikuwa wanangoja mtu mwenye grisi mikononi aseme kwanza. Huyo mtu mwezi ujao ni nyinyi.

Kwa hivyo asubuhi yenu ya kwanza, simu ya karakana italia. Ni Ramadhan. Hatakuuliza jina wala shule uliyosoma, atakuuliza ziko ngapi. Usimjibu ukiwa umeketi, na usisome ubaoni. Weka simu mezani bila kuikata, nenda gatini, ziwashe zote, ndipo urudi umwambie. Usiogope kwamba unamchelewesha. Atangoja. Aliwahi kungoja zaidi ya hapo.